Neno "Havijaguswa"

Neno lililonitoa nyumbani lilikuwa moja tu. Aliyeniletea ni shemeji yangu, Jumanne asubuhi, nimekaa mlangoni nanyoosha uzi. Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, mpaka rangi wa magari, na mtaa mzima unamwita Msasa kwa sababu hata akikusalimia unahisi umekwaruzwa. Siku hiyo alikuwa laini. Mkononi alikuwa na kitabu cha picha cha watu wa mnada, kurasa zake zinang'aa kama kipara kilichopakwa mafuta, na katikati ya kitabu lilikuwamo gari la Daktari wa Meno.

Gari hilo tulilijua wote. Jekundu, la spoti, milango miwili, chini kama mkeka, ukitaka kuingia unajikunja mara tatu. Daktari alifariki mwaka juzi, na sasa bintiye analiuza.

Wakati wake wa kuuza ulikuwa mzuri. Miezi minne nyuma, nchi ya mbali huko, gari la aina ile ile lilinunuliwa mnadani kwa fedha za nyumba nane za mtaa wetu, pamoja na waliomo ndani, alivyosema Msasa. Mimi ninavyoelewa, ukumbini palikuwa na watu wawili wenye fedha na kiburi, na kila mmoja hataki mwenzake aondoke nalo. Bei ile ilikuwa ya ubishi wao. Lakini ikishaandikwa, ubishi hauonekani tena, inaonekana bei. Kesho yake kila mwenye gari kama lile akaamka tajiri bila kutoka kitandani. Muuza vipuri wa kona alikuwa na kitasa kimoja cha mlango wa gari hilo, miaka yote anakitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Akakifungia kabatini. Na Msasa mwenyewe, ambaye kwa miaka kumi na minne ana bodi tupu ya gari hilo chini ya turubai, haina injini wala viti, kuku wanatagia ndani, akawafukuza kuku.

Simcheki kwa hilo. Alitaka kuiuza bodi ajenge chumba cha kupulizia rangi chenye feni ya kuvuta moshi. Kifua chake kimekwisha kwa kupulizia rangi uani na kitambaa mdomoni. Akikohoa, ukuta wa pili wanamsikia.

Basi akawa ananisomea. Injini halisi. Rangi halisi. Halafu: "Viti halisi vya kiwandani, havijaguswa."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamnyang'anya kitabu, nikaweka kidole chini ya neno, nikalisoma mwenyewe, silabi moja moja mpaka mwisho. Ha-vi-ja-gu-swa.

"Nani kasema?"

"Wataalamu, shemeji. Wamekuja na tochi."

"Tochi zao hazina betri," nikamwambia. "Viti vile nimevishona mimi."

Nieleze vizuri, maana hapo ndipo penyewe. Mimi ni mshona viti vya magari. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, aliyeanza na magodoro akahamia magari, na nilipokuwa na miaka ishirini na sita alikuwa haoni tena tundu la sindano, kazi yote ikawa mikononi mwangu na sifa yote kwake. Mwaka huo Daktari alisafiri masomoni. Aliporudi, panya walikuwa wamezalia ndani ya viti vya gari lake. Ngozi imetafunwa, sponji limekuwa unga. Alilia, mtu mzima na miwani yake. Kisha akamwambia mjomba, mimi nimesimama pale pale, anataka viti virudi kama havijawahi kuguswa na mtu.

Nilivifumua mshono mmoja mmoja. Sikukata. Anayekata anaondoa ushahidi. Kila kipande cha ngozi ya zamani nilikilaza kwenye karatasi nikakichora, nikahesabu matundu ya sindano: saba kwa inchi, pembeni nane. Nikatafuta ngozi wiki nzima. Niliipaka rangi mara tano, nikaisugua kwa kitambaa chenye nta mpaka ikakunja uso kama ya zamani. Siku kumi na tisa. Kidole hiki cha shahada mpaka leo hakinyooki vizuri, na kilianzia pale.

Siku ya kukabidhi, Daktari alikaa, akafumba macho, akasema mjomba ni mchawi. Mjomba akacheka akapokea. Mimi nilikuwa nafagia vipande.

Ila kuna jambo ambalo hawakulijua. Wakati ule sikujua kuandika hata jina langu. Kwa hiyo kila kiti nilichoshona niliweka alama mahali pasipoonekana, chini, kwenye turubai linaloshika sponji: mishono mitatu ya uzi wa kijani iliyoachana kama mguu wa kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yangu.

Jumanne ile ile ya kitabu cha mnada nikajifunga khanga, nikaenda kwa Binti wa Daktari. Alinipokea vizuri, akanikalisha, akanikumbuka. Nikamweleza. Akaenda kufunga mlango wa sebule, na hapo nikajua kwamba alikuwa anajua. Baba yake alimsimulia habari za panya. Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgonjwa, kwamba kwenye magari haya wanunuzi wanalipia kile ambacho hakikubadilishwa. Kiti cha kiwandani kikiwa kimechoka kina thamani kuliko kiti kipya, hata kishonwe vizuri namna gani. Ikijulikana, bei itashuka, labda robo nzima.

"Mama, hakuna anayedharau kazi yako," alisema. "Ni nzuri mpaka wataalamu wamedanganyika. Hiyo si sifa tosha?"

"Mwanangu, sifa gani hiyo isiyo na mwenyewe?"

Akatoa bahasha. Nikaitazama mpaka akairudisha mwenyewe kwenye mkoba. Nikamwambia sitaki chake, nataka neno lile lifutwe. Akasema haiwezekani, vitabu vimeshasambazwa. Nikamwambia basi nitakwenda kulifuta kwa mdomo.

Jioni Msasa alikuja tena, safari hii si laini. Binti alikuwa amempigia simu. Alikaa, akakohoa, akaniuliza kama najua ninachofanya. Bei ya mnada, alisema, si ya gari lile peke yake. Watu wote wa hapa wataitumia kama kipimo. Likiuzwa juu, bodi yake iko juu. Likishuka pale, yeye kashuka hapa, chini ya turubai, na hajamkosea mtu.

"Kwa hiyo nife na moshi kwa ajili ya uzi wako wa kijani?"

Hilo liliniingia, nisiseme uongo. Nilikaa nalo siku mbili. Nilimpikia, hakula kwangu. Binti yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza kama ni uaminifu ndio unanisukuma, maana kama ni uaminifu anaweza kuuelewa. Nikamwambia asinipambe. Ni kweli atakayenunua angedanganywa, na si haki. Lakini mimi kilichoninyima usingizi ni neno. Miaka arobaini na moja kidole hakinyooki, halafu mtu na tochi yake aandike havijaguswa? Vimeguswa. Nimevigusa mimi.

Siku moja kabla ya mnada walifungua ukumbi watu wakague. Nilivaa gauni langu la bluu, nikabeba mkoba wa kazi, binti yangu akanifuata akiwa ameshika pochi kama ngao. Magari yalikuwa kumi na mawili, yamepangwa juu ya zulia. Zulia kwa magari. Dalali alikuwa kijana mrefu mwenye suti, mstaarabu, na alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Msasa alikuwa amesimama upande wa pili na Binti wa Daktari, kanipa mgongo.

Dalali akasema: "Mama, kusema kila mtu anaweza. Nitajuaje?"

Nikamwambia asiguse chochote kwanza, anisikilize, na watu wasogee wasikie. Nikasema kiti cha dereva kinanyanyuka ukivuta vibano viwili vya chini, kile cha kulia ni kigumu, uvute kwa kukizungusha. Chini yake, kwenye kona ya nyuma, kuna mishono mitatu ya uzi wa kijani. Kiti cha abiria, kona hiyo hiyo, iko miwili. Si mitatu. Uzi uliniishia saa ya mwisho, na mjomba alikuwa anapiga kelele Daktari kafika.

Dalali akavua koti, akapiga magoti kwenye zulia, akavuta. Kibano cha kulia kilikataa. "Zungusha," nikasema. Akazungusha, kikatoka.

Mitatu. Akaenda upande wa pili. Miwili.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nimeshika mkono wa binti yangu kwa nguvu mpaka akasema mama unaniumiza. Uzi ulikuwa umefifia, lakini bado kijani. Sikuwa nimeuona tangu nilipokuwa msichana.

Dalali alikaa pale chini kidogo. Aliponyanyuka, hakumtazama Binti wa Daktari, alinitazama mimi, akaniuliza jina langu kamili, kwa sababu atalazimika kuliandika. Akanipa fomu. Binti yangu akanyoosha mkono anisaidie, nikamsukuma. Niliandika mwenyewe. Herufi kwa herufi, jina langu, la baba na la babu, na watu wenye haraka zao wakasubiri.

Kesho yake, kabla ya kulitajia bei gari lile, dalali alisoma karatasi mpya: viti vimeshonwa upya kwa mkono, miaka arobaini na moja iliyopita, na fundi fulani, mwana wa fulani. Fundi fulani alikuwa mstari wa mbele, amekaa wima. Watu watatu walianza kushindana, mmoja akaacha mapema. Nyundo ilipogonga, bei ilikuwa chini ya ile ya nchi ya mbali kwa zaidi ya robo. Binti wa Daktari alitoka bila kunipa mkono. Simlaumu. Na fedha alizopata bado ni nyingi.

Yaliyofuata yalikwenda kama Msasa alivyosema. Ndani ya mwezi bei zilirudi chini. Kitasa kikatoka kabatini. Na likazuka jambo ambalo hata yeye hakuliwaza: kila mwenye gari la zamani la fahari alianza kuinua viti kutafuta uzi wa kijani. Waliukuta kwenye magari manne. Wenye magari hayo wakipita kwangu wananitazama kama niliyewaibia. Mimi nawasalimia. Kazi ilikuwa nzuri walipoikalia, ni nzuri leo.

Kilichoniuma ni Msasa. Wiki saba hakukanyaga kwangu. Namsikia anakohoa huko uani, ananipita njiani kama nguzo ya umeme. Nilimtumia dawa ya kifua, ikarudi. Lakini kuomba radhi sikuomba, maana ningeomba kwa lipi?

Juzi Jumamosi akaja. Hakubisha hodi, alikohoa tu mlangoni, ikatosha. Akakaa. Akaanza mbali, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya tina ya kuchanganyia rangi. Mwisho akasema kuna mtu amekuja kuitazama bodi yake. Mtu huyo anajua si gari halisi kamili tena, anataka kulijenga upya aliendeshe, hataki la kuweka kwenye zulia. Lakini bodi haina viti. Na amesoma karatasi ya mnada.

"Ameuliza yule mama yu hai," Msasa akasema, akitazama ukuta.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu yupo, ila kichwa chake ni jiwe."

"Na atalipa?"

Akataja. Haikuwa bei ya ndoto zake za mwezi ule, lakini ilijenga chumba, na feni ilibaki ndani ya hesabu. Nikamwambia viti nitashona, hanilipi, achukue fedha zote ajenge. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Ila nina sharti moja, nikasema. Alama safari hii sifichi chini. Inakaa juu, kwenye mgongo wa kiti, begani.

"Shemeji, huko watu wataiona."

"Ndiyo."

Alikohoa, au alicheka, kwa Msasa ni vigumu kutofautisha. Kisha akaniomba chakula.

Nimeanza jana. Kidole kinagoma, nakilazimisha. Saba kwa inchi, pembeni nane. Uzi wa kijani nimenunua kibunda kizima, usije ukaniishia tena.