Cornelia Alinitangulia Kushukuru

Wivu nimeuzoea, sitawaficha. Mtu mwingine ana vidonda vya tumbo, mimi nina Cornelia.

Ni jirani yangu hapa Kasense, shamba lake na langu yametenganishwa na mfereji tu. Alikuja kuolewa na marehemu Marselino akitokea bondeni, Ilemba, kwenye joto. Alifika mwezi wa sita, akawa anatetemeka kwa baridi ya huku juu mpaka meno yanagongana. Ulezi hakujua kuulima. Nani alimfundisha? Mimi Evodia. Mimi ndiye niliyemwonyesha kufukia nyasi kwenye matuta ya duara mvua zikielekea kuisha, kupanda maharage juu yake, na msimu unaofuata kuyatawanya matuta yale na kumwaga ulezi. Hata mbegu yake ya kwanza nilimpa mimi, ule ulezi mwekundu aliouacha mama yangu. Nilimpa kwa moyo mweupe. Wakati huo alikuwa bado hajaanza kushukuru.

Maana kushukuru ndiyo kazi yake. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika inasali kila Alhamisi jioni. Mzee Baltazari, mwenyekiti wetu, akiuliza nani ana neno la shukrani, sisi wengine tunatazama vidole vya miguu, Cornelia ameshasimama. Anashukuru kwa kuku aliyetotoa. Anashukuru kwa mpini wa jembe ambao haukuvunjika. Mwaka aliofiwa na Marselino, arobaini haijaisha, alisimama akamshukuru Mungu kwa miaka kumi na tisa aliyokaa naye, watu wakalia mpaka katekista akashindwa kuanzisha wimbo. Mimi Zenon wangu yu hai, anakoroma pembeni yangu kila siku, na sijawahi kusimama kushukuru kwa ajili yake. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenuna.

Basi mwaka juzi ikaja sikukuu ya Mtakatifu Monika, somo wa jumuiya, na kila mama alitakiwa kupeleka togwa. Nikasikia Cornelia anaandaa vyungu viwili. Viwili! Mimi nilikuwa na ulezi wa chungu kimoja tu. Lakini jikoni, juu penye moshi, nilikuwa nimetundika kibuyu changu cha mbegu. Nikakishusha. Nikauloweka ulezi wote, ukachipua, nikauanika, nikasaga kimea. Nikapeleka vyungu vitatu. Togwa ilisifiwa, nami nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Mvua za kwanza ziliponyesha ndipo akili ikanirudia. Mbegu hakuna. Ningekwenda kununua sokoni, ila jamani, mwanamke wa Kifipa anayenunua mbegu ya ulezi anasemwa mpaka kwa wajukuu. Nikakaa kimya wiki mbili, namdanganya Zenon kwamba udongo haujalowa vizuri.

Asubuhi moja Cornelia akapiga hodi, kibuyu amekifunika kwa kitenge. Sijui nani alimwambia. Nadhani alihesabu vyungu vyangu siku ya sikukuu akajua mwenyewe. Akasema tu nipokee, ni ule mwekundu. Hakuuliza kitu. Na mimi sikusema asante. Nilimwambia mbegu yenyewe asili yake ni kwangu, nikafunga mlango. Asante ya punda ni mateke, na siku hiyo punda nilikuwa mimi.

Msimu ukaenda. Wakati wa kukata ulezi ulipofika, shamba langu lote lilikuwa jekundu, vichwa vimefumba kama ngumi. La Cornelia lilikuwa na mapengo matupu. Nilivuka mfereji kwenda kuazima kisu, nikaona kwa macho yangu. Kumbe ulezi mzuri wote alikuwa amenipa mimi, yeye akamwaga masalia ya zamani yaliyobaki chini ya kapu. Mnajua nilihisi nini? Nilifurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nikasema moyoni, mwaka huu tutaona utashukuru nini.

Alhamisi ikafika. Baltazari akauliza kama kawaida. Cornelia akasimama, akaweka sawa kitenge chake.

"Namshukuru Mungu kwa shamba la dada Evodia," akasema. "Ulezi wake umependeza. Kila nikipita pale nafurahi."

Akakaa. Habari ya mbegu hakuigusa.

Loo! Mimi maneno yangu nilikuwa nimeyaandaa tangu Jumatatu. Nilitaka nisimame nimshukuru Mungu kwa mavuno, polepole, kila mtu asikie, hasa yeye. Sasa kashukuru yeye kwa shamba langu! Waliponigeukia nikabaki mdomo wazi. Baltazari akadhani ni unyenyekevu. Akatangaza kwamba ungo wa ulezi wa jumuiya yetu kwenye Misa ya mavuno nitaubeba mimi, na baada ya komunyo nitatoa neno la shukrani mbele ya parokia nzima. Nafasi hiyo nilikuwa nimeitamani miaka ishirini.

Nyumbani nilimkuta Zenon ananoa panga. Nikamsimulia, kichwa kiko juu. Yeye chake hakukiinua.

"Na mbegu utasema ilitoka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ale ugali wake.

Jumapili nilivaa kitenge kipya. Nikaingia kanisani na ungo kichwani, kwaya inaimba, nikaukabidhi kwa padre bila kumwaga hata punje. Baada ya komunyo nikaitwa mbele, nikapewa kipaza sauti. Maneno nilikuwa nimeyakariri: jembe letu, jasho letu, baraka zake. Nikainua macho, na nani nikamwona? Cornelia, benchi la tatu, amefumba macho, midomo inachezacheza. Anashukuru tena kwa ajili yangu, na mimi hata sijaanza! Hasira ikanipanda. Nikaona nisipomwahi leo sitamwahi maisha yangu yote.

"Ulezi huu ni mbegu ya Cornelia," nikasema. "Yangu niliifanya togwa ili nimshinde yeye. Akaniletea yake nzuri, akabaki na mbovu. Sikumwambia asante. Namwambia leo."

Halafu mama mmoja kule nyuma akapiga kigelegele, wengine wakadakia. Nikarudi kukaa, moyoni nasema, leo nimempata.

Misa ilipokwisha nilisimama nje kumngoja. Mtu anayeshukuru kwa mpini wa jembe, kwa hili si atapiga magoti? Akaja kweli. Macho yalikuwa mekundu. Akanivuta pembeni, kwenye mikaratusi.

"Dada, kwa nini umesema?" akaniuliza. "Mwaka huu sikuwa na cha kumpelekea Mungu. Nilikuwa na ile mbegu niliyokuletea tu, na mbali na wewe, aliyekuwa anaijua ni Yeye peke yake."

Nilimwomba radhi, akasema yameisha, tukatembea pamoja mpaka kwenye mfereji, kila mtu akashika njia yake. Na wivu ukanishika upya, mbaya kuliko wa mwanzo. Kumbe wakati mimi nagombania kubeba ungo, mwenzangu alishatoa sadaka yake tangu mvua za kwanza, asubuhi, mlangoni kwangu, nami nikamfungia mlango usoni.

Jioni niliingia jikoni, nikapiga magoti chini ya kile kibuyu alichoniletea, nilichokuwa nimekitundika penye moshi. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Cornelia. Nilianzia siku aliyofika anatetemeka kwa baridi, nikaja taratibu mwaka hadi mwaka, mpaka maharage yakaungua. Zenon alipouliza mbona nina machozi, nikamwambia ni moshi. Nikamshukuru Mungu kwa ajili yake naye, palepale.

Hilo sijalisema kwenye jumuiya na sitalisema. Nanyi msimwambie Cornelia. Akijua tu, Alhamisi atasimama kulishukuria.