Mihogo ya Anayekuja

Siku yangu ya kwanza ya uchungaji sikuonyeshwa kanisa. Mkuu wa jimbo, msimamizi wa wachungaji wote wa eneo letu, alitushusha na magodoro yetu katika kijiji kimoja nje ya Maganzo, akaizunguka nyumba, akasimama mbele ya matuta ya mihogo.

"Haya alilima aliyewatangulia," alisema. "Mtakula ninyi. Mtakayolima ninyi, atakula ajaye."

"Na yeye huko alikokwenda anakula nini, mzee?" mke wangu, Mama Sayi, aliuliza.

"Ya mwingine, mama. Ndivyo tunavyoishi."

Ninyi mnaoingia kazini leo mwelewe kwamba uhamisho wa zamani haukungoja mavuno. Barua iliweza kuja muhogo ndio kwanza unachipua. Siku ya makabidhiano, yaani kumwachia mchungaji mpya kituo, tulikagua vikombe vya Meza ya Bwana, tukatoa funguo, na shamba likabaki lilivyo. Kung'oa kulikuwa mwiko.

Kila Jumatano nilifundisha Torati. Chuoni mkufunzi wetu wa Agano la Kale alitusomesha Kiebrania kidogo, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto, na alipenda kutuambia, "Msikimbilie Kanaani. Torati inaisha watu wakiwa bado ng'ambo ya Yordani." Jambo hilo lilinisumbua. Nilikuwa kijana, nikidhani safari njema ni ile inayofika.

Kituo cha pili kilikuwa karibu na Kahama. Tulifika katikati ya kiangazi, tukakuta mashimo. Aliyetutangulia alikuwa ameng'oa yote, hata mizizi myembamba kama kidole, akaianika ikawa udaga, akaondoka nao. Mama Sayi alisimama kati ya matuta yaliyobomolewa, mtoto mgongoni. Washarika walituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaishi. Lakini kuna kitu ndani yake kilijifunga.

"Kule tumeacha shamba zima," alisema siku moja. "Sipandi tena muhogo wa mtu. Napanda mchicha, nile mwenyewe."

Nikamsomea Hesabu, sura ya tisa, jinsi wana wa Israeli walivyosafiri wingu lilipoinuka juu ya hema, na walivyotua lilipotua, ikiwa ni siku mbili au mwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Wingu linahamisha watu, Baba Sayi. Halihamishi mihogo."

Miaka yote ya Kahama shamba letu, ukiacha mchicha wake, lilikuwa nyasi, na aliyenipokea alikuta nyasi. Niliogopa. Njaa tulikwisha kuizoea. Niliogopa kwamba mke wangu angezeeka bila kumwachia Mungu tena kesho yake hata moja.

Barua ya tatu ilitupeleka Geita, kijiji cha wachimbaji, ambako kanisa lilikuwa nguzo na turubai. Usharika wenyewe ulikuwa wa kuhamahama. Ikisikika kwamba duara fulani la mbali, yaani shimo la wachimbaji, limetema dhahabu, Jumapili iliyofuata nilihubiria mabenchi. Jumatano moja nilifundisha tena habari za wingu. Masanja, mchimbaji aliyependa utani, akainua mkono.

"Mchungaji, wingu la wazee hao lilikuwa na adabu. Letu ni simu tu: njoo Chato, huku kumetema."

Watu wakacheka. Mama Sayi akamuuliza kutoka benchi la nyuma, "Na mkihama mnabeba nini?"

"Sululu, mama, na sufuria."

"Na yale magogo mnayokingia kuta za duara? Si mliyakata kwa jasho lenu?"

Masanja aliacha kutabasamu. "Yale hatung'oi, mama. Ukiyang'oa, anayeingia baada yako anafukiwa. Mimi mwenyewe nimo humu leo kwa sababu ya magogo ya mtu nisiyemjua."

Nilifunga Biblia yangu. Kesho yake Mama Sayi alipita kwa majirani akiomba pingili za mihogo.

Nilistaafia hapo hapo. Siku ya makabidhiano alikuja mchungaji kijana na mkewe, na mtoto mchanga. Sisi wanaume tulipokuwa tukikagua vikombe, Mama Sayi alimshika yule binti mkono, akampeleka shambani.

"Matuta haya ni matamu, mwanangu, chimba hata leo. Yale ya mwisho ni michungu. Loweka, kausha, usimwonjeshe mtoto ikiwa mbichi."

"Asante, mama. Na ninyi huko mtakula nini?"

"Ya mwingine," alisema, akacheka. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu Maganzo.

Sasa tunaishi kwetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Mwaka wa kwanza tulikula udaga wa jirani, ukashuka kooni kama chakula cha nyumbani. Mkiniuliza kumtumaini Mungu ni nini, nitawaambia nilichokiona: ni kupanda muhogo huku mizigo imekwisha fungwa. Na yule mkufunzi wangu siku hizi namwelewa. Wengi wetu tutalala ng'ambo hii ya mto, na mto hauna kosa.

Mvua za kwanza ziliponyesha juzi, nilimkuta Mama Sayi ameinama shambani, mkono mmoja kiunoni, akichomeka pingili.

"Pumzika, mama," nikamtania. "Safari hii hakuna barua ya uhamisho, wala anayetufuata."

Hakuinua kichwa.

"Yupo," alisema. "Nisogezee hizo pingili."