Mbwa Mdogo Halishwi Kama Mlinzi

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka Bukavu, Kongo, nikaingia Kampala na shati moja, ndipo shida iliponishika vizuri. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo, mwanangu, usitafute hapa maneno ya wasomi. Umekuja kuchukua mtoto wa mbwa, wa jamii hizi ndogo za kubebwa mkononi. Kabla hujamtia kwenye kikapu, kaa unisikilize.

Nilipata kazi ya kufagia ua kwa mama mmoja tajiri, mtaa wa Kololo. Siku moja akapata habari ya msiba kijijini, akafunga nyumba, akaniachia kijibwa chake kipya nikae nacho kwenye chumba changu cha kupanga, mtaa wa Bwaise. Kilikuwa kinaenea ndani ya kofia. Aliniambia kikifa nisirudi kazini, na mama yule hakuwa mtu wa utani.

Majirani wakanielekeza. Mbwa wa Kampala hula mara moja tu, jioni, posho, yaani ugali, na mukene, dagaa wa huku. Ukimshibisha mchana, usiku atalala badala ya kulinda. Ndivyo kila mtu alivyofuga, nami nikafuga hivyo. Nikakilaza chini kwenye simenti, na mvua ilikuwa imejaza mtaro, maji yako mlangoni.

Asubuhi nikakikuta kimelegea kama kitambaa kilicholowa. Kichwa hakisimami, ufizi umekuwa mweupe. Nikatoka nacho nje, naiona kazi yangu inaondoka.

Mwenye nyumba wangu alikuwa Hajati, bibi wa Kinubi, mkali, mtu wa swala zake. Mbwa hakukanyaga kizingiti chake, maana mate ya mbwa kwake ni najisi. Akaniuliza kilikula lini. Nikamjibu jana jioni, na leo kitakula jioni.

"Wewe Mkongo," akasema, "huyo ni mtoto au askari wa lindo? Tumbo lenyewe kama kidole changu. Chakula cha jana kiko wapi sasa?"

Akanionyesha mlango wa jikoni kwake, nikae karibu na sigiri ya mkaa. Nikasita, nikamkumbusha kwamba ni mbwa.

"Naona ni mbwa. Jiko nitaliosha. Ingia."

Akanisukumia kopo la asali. Nikapaka ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, nisimimine kooni kikapaliwa. Tukakifunika kanga yake iliyopata joto la moto. Kilichelewa kuzinduka, mwanangu. Chai ya Hajati ikapoa haijaguswa. Halafu kikalamba kidole changu, na kwa kuwa adabu hakina, kikalamba na cha Hajati. Akanitukana mimi, si mbwa. Kisha akaosha mkono na vyombo kwa maji na udongo kama dini yake inavyotaka, mimi nikimchotea maji, na alipomaliza akachemsha yai akanipa nikilishe vipande, ndipo akanifukuza niende kwa daktari wa mifugo.

Tajiri aliporudi alikikuta kinabwekea kuku. Nikabaki kazini. Kilipokuwa mama, nikapewa mtoto wake wa kike, na biashara yangu yote imetoka hapo.

Basi shika haya. Huyu umlishe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, mpaka akomae. Asilale kwenye simenti. Watoto wambebe wakiwa wamekaa chini, maana akianguka kutoka kwenye kochi mguu unavunjika. Chanjo usiahirishe. Akilegea, asali kwenye ufizi, halafu boda hadi kwa daktari, usisubiri jioni. Na yeyote atakayeletwa mikononi mwako, mbwa au mtu, uliza kwanza yeye anaishije, usimpime kwa kawaida ya mtaa.

Mungu akupe mkono mwepesi na nyumba yenye kelele za furaha.

Mimi leo nina nyumba ya matofali Kawempe, vyumba vinne vya kupangisha, pikipiki moja, ng'ombe wawili, mabanda ya mbwa yenye paa zuri. Na jike mmoja mzee asiye na meno, wa ukoo wa kijibwa kile, analala chumbani kwangu. Huyo haulizwi bei.