Tone la Mawese

Shangazi yangu wa Makere ndiye aliyenilea. Alipoanza kukohoa mfululizo, alijitenga mwenyewe bila kuambiwa na mtu: sahani yake mbali, kitanda chake mbali, na mjukuu aliyekuwa akilala ubavuni pake akamrudisha kwa mama yake. Kisha akaja kituo cha afya ninakofanya kazi ya maabara, barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, akanikabidhi makohozi yapimwe na chupa ya mawese ya zawadi.

Wiki hiyo mafuta ya hadubini yalikuwa yamekwisha. Utaratibu ulikuwa wazi: sampuli ipelekwe mjini. Lakini mimi ni mtu wa kiburi, sipendi kuonekana nimeshindwa. Nikachuja mawese ya shangazi, nikatia tone juu ya slaidi, nikaishusha lenzi.

Chuoni tulifundishwa. Miale inayopita pembezoni mwa lenzi haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, ndiyo maana lenzi ya hadubini inayokuza zaidi hutengenezwa kwa kufuata mafuta yake maalumu. Ukibadili mafuta, miale inaachana na picha inavaa ukungu. Nililijua hilo, na bado niliuona ukungu nikasema hii hadubini imezeeka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

"Huna kifua kikuu," nilimwambia. "Ni moshi wa jikoni."

Alipiga vigelegele pale pale maabarani, mpaka nikaona haya.

Mafuta halisi yalifika baada ya wiki tatu. Slaidi yake ilikuwa bado kwenye boksi la slaidi zinazosubiri ukaguzi. Niliitoa bila wasiwasi wowote, kwa kujaribu mafuta tu. Vijiti vyekundu, vijidudu vya kifua kikuu, vilijaa, vimenyooka, hata mwanafunzi asingevikosa. Nilikaa kwenye stuli, nikajichukia.

Nilikwenda Makere mchana huo huo. Nilimkuta uani anachambua maharage, amekonda, mjukuu yuko mapajani. Tangu nilipompa majibu walikuwa wakilala pamoja tena, wakila sahani moja.

"Karibu, mwana wanje, mwanangu! Mbona jasho?"

"Shangazi, kifua kikuu unacho. Inabidi uanze dawa leo. Na mtoto apimwe."

Alicheka kidogo. "Si uliangalia wewe mwenyewe?"

"Niliangalia vibaya. Mafuta yetu yalikuwa yamekwisha, nikatumia mawese."

Maharage yalimponyoka. "Mawese yangu?"

Nilitaka kumwambia hapana, kosa ni langu, mawese hayana hatia, mimi ndiye niliyesomea kazi hii. Kabla sijasema, alikuwa ameshamtoa mtoto mapajani na kurudi nyuma hadi ukutani, kiganja mdomoni, na mtoto anamfuata akitambaa.

"Mshike," alinisihi. "Mshike, asinifikie."