Nyoka wa Data na Madebe Mawili ya Mbegu

Harufu ya kihenge chetu cha kijijini Heru Juu naijua hata nikifumba macho leo: jivu, maganda makavu ya maharage, na juu ya yote mkojo wa panya, ule unaokata pua na kukuachia kichwa kinauma. Ukiinua kifuniko cha nyasi asubuhi, unasikia kwanza chakacha, chakacha, halafu kimya, na hapo unajua kabisa kuna macho yanakutazama na kusubiri uondoke ili yaendelee kula shule yako. Nasema shule kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule nilikuwa darasa la saba. Data, ndivyo tulivyomwita baba kwa lugha ya nyumbani, alikuwa ametamka wazi mbele ya Mama kwamba madebe mawili na ushei ya maharage yaliyobaki baada ya mavuno ya Juni yalikuwa ya mbegu. Yangepandwa mvua za kwanza zikinyesha, na mavuno yake ndiyo yangeninunulia godoro, tranka na sare za kidato cha kwanza. Mbegu zikiliwa, nabaki nyumbani kulima mihogo. Hakukuwa na shamba la pili wala mjomba wa Dar es Salaam.

Mtu mwingine yeyote angetafuta sumu ya panya, yakaisha. Lakini mwaka uliotangulia sumu yetu iliua kuku watano wa jirani yetu Mama Furaha, kesi ikafika kwa wazee wa kanisa, na Data akaapa kwamba sumu haitaingia tena kwake. Paka tuliyekuwa naye alikula vifaranga mpaka Mama akamfukuza kwa fagio. Basi siku moja, mavuno yameisha na vumbi la kiangazi limeanza, Data akawa anafukua jaa la maganda ya mihogo nyuma ya nyumba. Akarudi amekumbatia kofia yake kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mayai tisa, meupe, marefu kidogo, laini ukiyabonyeza. Mama akauliza ni ya ndege gani. "Si ya ndege," Data akasema, anatabasamu. "Ni ya nyoka wa nyumba. Huyu hana sumu. Kwa baba yangu kule Burundi walikuwa wanalala ghalani, na panya tulikuwa tunawasikia tu kwa majirani." Jamani! Mama, mwanakwaya, mama wa maombi ya Jumatano, aliweka chini sufuria ya ugali. "Wewe ni Mkristo au ni mganga?" Walibishana siku mbili. Siku ya tatu Mama akachoka, akatoa sharti lake: siku ya kupanda angepima mbegu kwa mkono wake mwenyewe, na zikipungua madebe mawili hata kwa kibaba kimoja, nyoka wote angewamwagia maji ya moto.

Walipoanguliwa, kila mmoja alikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Niliwatazama, nikamtazama Data, nikatazama kihenge ambamo panya wakubwa walikuwa wanapigana mchana kweupe. Hebu mwulize mtu yeyote mwenye akili timamu: kamba ya kiatu inamlaje panya? "Watakua," Data akasema. Na wakue kwa kula nini? Kwa vitoto vya panya, vile vyekundu visivyo na manyoya, visivyofumbua macho. Na nani avitafute? Hapo ndipo nilipotazamwa mimi. "Odilia ana mikono myepesi," akasema, kana kwamba ananipa zawadi. Tangu siku hiyo nikawa yaya wa nyoka. Wawili walikufa wiki ya kwanza, saba wakabaki kwenye mtungi mkubwa wenye majani makavu ya mgomba, tumeufunika kwa kitambaa na jiwe. Kila baada ya siku mbili, nikitoka shule, natupa daftari na kuanza kuchimbua: chini ya kihenge, ndani ya paa la jikoni, katikati ya rundo la kuni, kwenye gunia la nguo kuukuu za Mama. Kila nikipata kiota, panya mama ananing'ata kidole, nampiga na ufagio, navikusanya vitoto kwenye kopo. Nilinuka panya mpaka kanisani. Wenzangu darasani wakaniita Mama Nyoka, na mwalimu mmoja aliyejiona mcheshi akaanza kulitumia jina hilo wakati wa kuita majina. Nilikuwa nalia kwa hasira njia nzima ya kurudi nyumbani, halafu nafika nachukua kopo.

Ningevumilia ulishaji. Kilichonitia kichaa kilikuwa kupima. Kila Jumamosi Data alikata ganda la mgomba, lile lililopinda kama mfereji, akaliweka juu ya benchi, na kazi yangu ikawa kumtoa nyoka mmoja mmoja, kumlaza ndani ya ganda mpaka anyooke, kisha kupitisha kamba ya nyuzi za mgomba kutoka puani hadi mkiani. Data anafunga fundo pale mkia unapoishia. Kila nyoka alikuwa na kamba yake inayoning'inia darini, na fundo jipya kila wiki. Sasa jaribu kumnyoosha nyoka asiyetaka kunyooshwa! Anajikunja, anakunyea mkononi uchafu unaonuka kuliko kihenge chote, anaponyoka na kuingia kwenye mkono wa blauzi, na mtu mzima amekaa kwenye kigoda anasema, "Umevuta kamba wewe. Rudia." Tulibishana kwa upana wa kidole kimoja! Fundo jipya likiwa mbali na lile la zamani, anacheka na kusema hawa wana damu ya wale wa Burundi. Yakikaribiana, ananihoji kama polisi: uliwapa vingapi, saa ngapi, vilikuwa vya moto au vimepoa? Siku moja macho yao yakageuka meupe kama yamemwagiwa maziwa, wakakataa kula wote, na Data akanishtaki kwa Mama kwamba nimewapa mzoga. Alinisema siku nne. Siku ya tano wakajivua ngozi, wakatokea wanang'aa, wana njaa ya ajabu. Data akafurahi sana. Samahani sikuisikia.

Mmoja alinishinda kabisa, mdogo kuliko wote. Nilimwita Kwaresma kwa sababu alikuwa amefunga. Wiki nne, hakugusa kitu. Namwekea kitoto cha panya mbele ya pua, anageuza kichwa upande wa pili kwa dharau ya bibi harusi. Fundo lake likawa pale pale Jumamosi tatu. "Mwache huyo, atajifia," Data akasema. Sijui kwa nini neno lile liliniuma vile. Labda kwa sababu nilikuwa nimeng'atwa vidole vyote kwa ajili yake, na sikutaka jasho langu liishie kwenye jaa. Nilikaa naye kila jioni baada ya kuosha vyombo. Nikajaribu panzi, nikajaribu kipande cha dagaa, nikajaribu hata kumwombea, Mungu anisamehe. Kisha siku moja nikamwona ameinua shingo, anamtazama mjusi ukutani bila kupepesa. Nikamkamata yule mjusi, nikamsugua kwenye kitoto cha panya ili harufu ihamie, nikamwekea. Kwaresma akakishika na kukimeza palepale. Nilipiga yowe mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeumwa. Nikamwonyesha tumbo lile dogo lililovimba. Akalitazama, akasema, "Mwanangu, na wewe sasa umeharibika."

Baada ya mtihani wa darasa la saba nikaanza kupata shida mpya. Viota vimekwisha. Nilichimbua chini ya kihenge, hakuna kitu. Paa la jikoni, hakuna kitu. Nilianza kubisha hodi kwa majirani kuomba nichimbue kwao, na Mama Furaha, aliyekuwa bado na kinyongo cha kuku wake, alinifungulia stoo huku ameshika kiuno. Nikamaliza na vya kwake. Asubuhi moja niliinua kifuniko cha kihenge chetu nikakuta kimya kitupu, hakuna chakacha. Harufu imepungua. Nilijua sababu. Nilikuwa na makovu yake mikononi. Miezi mitatu nimekuwa nabeba kizazi baada ya kizazi cha panya wa nyumba ile kwenye kopo, na mama zao nimewatwanga kwa ufagio. Lakini Data alisimama pale, akavuta pumzi ndefu, na kutangaza, "Unaona? Panya wamesikia harufu ya nyoka, wakahama." Nyoka gani? Nyoka wako ndani ya mtungi, Data! Hawajawahi kuingia kihengeni hata siku moja! Aliye mrefu kuliko wote alikuwa hajazidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na panya mkubwa angemtafuna yeye. Hayo yote niliyasema moyoni. Mdomoni nilisema ndiyo, Data. Akaenda kuhubiri habari ile gulioni, kanisani, kwenye mashine ya kusaga. Watu wakawa wanakuja hata kutoka kijiji cha Nyakitonto kuwaona nyoka wanaofukuza panya kwa harufu, na mimi ndiye niliyewaletea wageni viti.

Mvua zikaja. Siku ya kupanda, majirani walifika alfajiri na majembe yao, Mama Furaha akiwa mmoja wao, maana siku hiyo tunapanda kwetu na kesho kwao. Mama hakusahau sharti lake. Alitandika mkeka uani, akapepeta jivu lote lililohifadhi mbegu, akamimina maharage kwenye debe taratibu huku chungu cha maji kinachemka jikoni, makusudi kila mtu akione. Nilisimama nimekunja mikono tumboni. Debe la kwanza likajaa. La pili likapanda, likapanda, likafika ukingoni, na konzi moja ikabaki kwenye mkeka. Mama akakaa chini. Nilitaka kumkumbatia, lakini Data alikuwa ameshasimama juu ya kigoda. Akawaambia watu wote kwamba nyoka wake saba, kwa neema ya Mungu, wameniokolea shule, na kwamba nitakapokuwa mtu mkubwa nisisahau kuwashukuru. Watu wakapiga makofi. Kwa nyoka!

Uvumilivu ukanishinda. Nikapiga kelele mbele ya watu wazima, mimi mtoto wa miaka kumi na mitatu, na kidole nimemnyooshea baba yangu. "Ni mimi! Panya nimewamaliza mimi, Data! Hao nyoka hawajaua hata mmoja, walikuwa wanakula tu nilichowaletea! Tazama mikono yangu!" Mama akajiziba mdomo. Mama Furaha akaangusha jembe. Kwetu mtoto hasemi hivyo, na nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Data alishuka kwenye kigoda, akaitazama mikono yangu, upande mmoja na upande mwingine. Kisha akaingia ndani, akatoka amebeba mtungi, akatembea nao mpaka kwenye mawe ya mwisho wa shamba na kuulaza chini. Sita waliteleza wakapotea kwenye nyasi bila hata kugeuka. Kwaresma alibaki mdomoni mwa mtungi, ametoa kichwa, analamba hewa. Nilitaka kusema mwacheni huyo, huyo ni wangu. Sikusema. Data akaugonga mtungi kwa kiganja, naye akaenda. Nililia siku nzima nikipanda maharage, na watu wakadhani nalia kwa aibu.

Januari nilienda shule na godoro langu. Leo nina duka la nafaka Kasulu mjini, na mbegu nazihifadhi kwenye mifuko ya nailoni inayofungwa hewa isiingie. Hakuna jivu, hakuna kopo, hakuna harufu. Ni rahisi na sina malalamiko. Lakini kwa Data nilibaki na hasira miaka yote hiyo. Nilijua alichofanya: nimemwaibisha mbele ya watu, akaniadhibu kwa kuwatupa nyoka niliowalea. Krismasi iliyopita nilimkuta amekaa uani, mzee sasa, masikio mazito, na nikaona nisipomwuliza nitamzika na swali langu. Nikamwuliza kwa sauti ya juu kwa nini aliwaachia nyoka wangu siku ile.

Alinishangaa kweli. "Si ulisema ni wewe uliyewamaliza panya?"

"Nilisema."

"Basi nilikuamini. Sasa nyoka wa nini tena?"

Nilikaa pale kwenye mkeka, mtu mzima mwenye duka, nimekasirika, na sikujua tena namkasirikia nani. Binti yangu sasa ana miaka kumi na mitatu. Juzi aliniambia amefunga mifuko yote ya mbegu vizuri, nikamwambia asante, nikatoka kwenda kuikagua mmoja mmoja, naye amesimama mlangoni ananitazama.