Chai ya Mtu Asiyekunywa Chai

Dukani mjini Nyamira, binti aliyekuwa akitangaza majani chai alimsimamisha mzee mbele yangu.

"Mzee, onja kidogo."

"Mimi Msabato. Chai nalima tu, sinywi."

"Ukinunua pakiti, kikombe ni cha bure."

Mzee akakigeuza kikombe, akakigonga kwa ukucha, akaenda kulipa.

Nikashindwa kunyamaza. "Sasa utakunywa nini humo?"

"Uji."

Jamani! Mtu anachuma chai mwenyewe, anaiuza ikiwa mbichi kwa bei ya kutupa, kisha anainunua ikiwa kavu, na bado haigusi! Hawa wauzaji wametugeuza wajinga.

Zamu yangu ikafika. Binti akaniambia vikombe vimeisha.

Kwa hasira, nikairudisha pakiti yangu rafuni.