Gurudumu la Eulalia

Eulalia Baena alizaliwa jirani na uwanja wa fahali wa Kordoba, ambako baba yake aliwalisha mafahali wakisubiri siku yao ya kupigana na kuuawa. Akiwa na miaka ishirini aliingia karakana ya Fundi Fermín ya kuchapa picha, kazi yake kufuta wino wa ziada kwenye mabamba ya shaba yaliyochongwa. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa bado anafuta. Gurudumu la mashine ya kuchapia lilikuwa la wanaume, naye alilitazama kama mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Maonyesho ya Mei yakikaribia, akaja Don Anselmo, mchoraji mwenye jina, na bamba la kwanza alilowahi kuchonga: mpigana-fahali amenyoosha upanga, fahali kainamisha kichwa. Eulalia akaliinamia, kitambaa mkononi.

"Don Anselmo, samahani. Huyu ataua kwa mkono wa kushoto."

"Dada, una wino machoni? Upanga si huo, mkono wa kulia?"

"Kwenye shaba, ndiyo. Kwenye karatasi utageuka."

Fundi Fermín, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani, akainua mabega. "Kulia, kushoto, fahali si atakufa tu?"

"Upanga wa kuua hushikwa kwa kulia. Watu watacheka, Fundi. Tuchape moja. Nikikosea, sifungui mdomo hadi Krismasi. Nikipatia, gurudumu ni langu."

"Ukimya hadi Krismasi? Lete karatasi!"

Karatasi iliyoloweshwa ikalazwa juu ya bamba, gurudumu likazunguka. Walipoibandua, upanga ulikuwa kushoto. Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Mama yangu!" Don Anselmo akashika kichwa. "Mji huu ungenichinja mimi kabla ya fahali."

Akachonga bamba jipya akitazama mchoro wake kwenye kioo. Eulalia akalifuta, akalilaza, kisha akashika gurudumu. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Hakuliachia mpaka chapa ya hamsini.

Siku ya maonyesho baba yake alikuja na mkongojo, akaisogelea picha, akaukagua upanga.

"Huyu anajua kuua," akasema. "Nani kachapa?"

Eulalia akamwonyesha viganja, malengelenge tupu.

"Sasa mnangoja nini, nyie?" mzee akawakemea mafundi. "Uwanjani aliyeshinda hatoki kwa miguu, hubebwa kupitia mlango mkubwa!"

Wakamwinua. Eulalia Baena akatoka kwa mlango mkubwa, mabegani mwa wanaume wale wale wa gurudumu, mikono yake yenye wino juu.